Panya wa Mgeni

Ndugu za marehemu mume wangu walipomaliza matanga walibeba pikipiki, televisheni, makochi na hata ile ngazi ya chuma aliyokuwa akipandia darini. Waliacha nyoka. Shemeji yangu mkubwa alisimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma, akachungulia lile sanduku la kioo, akakemea kwa jina la Yesu, akarudi kwenye lori. Babu yao alikuwa mcheza ngoma wa nyoka huko Usukumani, lakini wao walishaokoka, na wokovu wao uliwaruhusu kuchukua makochi ya mjane ila uliwakataza kugusa chatu. Basi nikabaki na chatu, binti wa kidato cha kwanza, na cherehani yangu, ambayo ilinusurika kwa sababu siku hiyo ilikuwa kwa jirani.

Watu wa hapa Songea mpaka leo huniuliza kwa nini sikumtupa porini siku ileile. Huniuliza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujijibu, kwamba lazima kulikuwa na kitu, dawa fulani, utajiri fulani. Utajiri gani? Mwenye utajiri hukaa barazani hapa mtaa wa Majengo akishona sare za shule, vumbi la bodaboda likimjaa puani? Sikumtupa kwa sababu alikuwa wa mume wangu, na binti yangu alimpenda, na kila kitu kingine alichokishika mume wangu kilikuwa kimeshapakiwa kwenye lori na kwenda zake.

Mume wangu alikuwa bwana shamba. Chatu huyo alimpata Lusewa, siku wakulima walipokuwa wanafyeka pori ili waanzishe shamba jipya. Walimkuta kwenye kichuguu, mdogo, hajafikia hata unene wa mpini wa jembe, na majembe yenyewe yalikuwa yameshainuliwa. Mume wangu akawaomba. Kila siku aliwaambia kwamba nyoka ni mlinzi wa mahindi, kwamba ukimuua mmoja umekaribisha ukoo mzima wa panya ghalani, nao walimsikiliza kwa adabu ile anayopewa mtu wa serikali, kisha wakaendelea kuua. Huyo mmoja walimpa, nadhani ili anyamaze. Akaja naye nyumbani ndani ya mfuko wa mbolea, akahangaikia kibali cha wanyamapori mpaka akakipata, akakitundika ukutani karibu na picha ya Bikira Maria. Hakumpa jina. Alimwita mgeni.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," nilimwambia, maana sikumtaka.

"Huyu hashiki jembe," akanijibu. "Wewe mpe panya tu, kazi yake ataifanya."

Hapo kwenye panya ndipo tulipoanza vibaya. Tulidhani panya ni panya. Songea ni mji wa mahindi, na penye mahindi panya hatafutwi, anakuja mwenyewe. Mume wangu akawa anawakusanya wale wanaonaswa kwenye maghala ya wafanyabiashara, anamtumbukizia mgeni wakiwa hai. Siku moja kibao kikageuka. Tulimkuta chatu amejikunja pembeni, mgongo umetafunwa mpaka nyama inaonekana, na panya amekaa kwenye ukingo wa bakuli la maji anajipangusa masharubu. Kidonda kile kilioza, kikamkalisha mgeni na njaa muda mrefu, na alipoanza tena kula alikuwa anatapika. Wale panya wa maghala walikuwa na minyoo, na chawa, na sijui walikula nini huko walikotoka. Ngozi yake, ambayo nyoka mzima huivua yote mara moja kama soksi, yeye aliivua vipande vipande, kama ukuta uliopakwa rangi mbovu.

Ndipo mume wangu akasema kwamba mgeni hapewi makombo. Akaenda kwa rafiki yake mmoja wa maabara ya chuo, akarudi na panya weupe wawili, dume na jike, ndani ya ndoo yenye matundu. Hao ndio waliozaa wengine wote. Alijenga banda la mbao na waya nyuma ya jiko, akaligawa vyumba, na kila jioni alikuwa huko ameinama na tochi kama mtu anayetafuta sindano. Nilimcheka sana. Majengo watu wanafuga kuku, wanafuga bata, wapo wanaofuga hata nguruwe kimyakimya, na mume wangu, mtu mwenye cheti, anafuga panya.

Alipokufa, banda likawa langu. Ndani ya mwaka mmoja nilijua mambo ambayo mwanamke hapaswi kuyajua. Nilijua kwamba chini panya anatandikiwa maranda makavu kutoka kwa seremala, na si ya mbao iliyopakwa dawa. Nilijua pumba peke yake haimtoshi, inabidi umchanganyie dagaa wa ziwani, mahindi kidogo na majani mabichi, na maji yake yawe safi kila asubuhi. Nilijua kumpima kwa jicho, kwamba panya anayefaa ni yule asiyezidi unene wa nyoka mwenyewe pale alipo mnene zaidi, na kwamba nyoka ambaye macho yake yamekuwa na ukungu hapewi chochote mpaka ajivue gamba. Na nilijua kuua. Panya wa kumlisha nyoka hauawi kwa hasira. Unamshika mkia, unamlaza, unabonyeza shingo, unavuta mara moja, na hata yeye hajui kilichotokea. Kisha unampeleka akiwa bado na joto, umemshika kwa koleo la mkaa, na mgeni anamchukua kwa heshima.

La msingi kuliko yote aliniachia mume wangu mwenyewe. Nyoka, alisema, hatafuni na hachagui. Hammezi panya peke yake, anameza pia kila kilichomo tumboni mwa panya. Kwa hiyo unapomlisha panya unamlisha nyoka, na ukitaka kujua nyoka wako ana afya gani, nenda kaangalie bakuli la panya wako. Nililishika neno hilo. Kuna siku ambazo mimi nilikula ugali kwa chumvi na panya wakala dagaa.

Mgeni akanawiri. Kidonda cha mgongoni kikabaki alama tu. Akawa mrefu kuliko kitanda changu, ngozi inang'aa utadhani imepakwa mafuta, na kila alipojivua gamba lilitoka zima, kuanzia mdomoni hadi nchani mwa mkia. Binti yangu alikuwa akiyatunza yale magamba kwenye boksi chini ya kitanda chake. Baba yake alipofariki mtoto yule alifunga mdomo. Hakulia mazikoni, na baadaye hakuzungumza ila kwa kulazimishwa. Aliporudi shule ya bweni, matroni alikuwa akiwapa simu Jumapili baada ya misa, nami nilikaa na simu mkononi nikisubiri. Swali lake la kwanza lilikuwa moja tu.

"Mama, mgeni kala?"

Nikimwambia kala, anauliza kala wangapi, alikuwa na hamu, alichukua upesi au alinusanusa kwanza. Na hapo kwenye habari za kula, maneno mengine yanaanza kutoka taratibu, ya hesabu, ya rafiki aliyemkosea, ya maharage yenye wadudu. Mgeni ndiye aliyemrudisha mwanangu kwenye maneno. Wanaosema ni nyoka tu hawajawahi kusubiri simu ya mtoto asiyezungumza.

Sasa nizungumzie dada yangu, na nitajitahidi kuwa na haki, ingawa haki yenyewe siioni iko wapi. Dada yangu ndiye mkubwa wetu. Mama alipofariki mimi nilikuwa bado mdogo wa kubebwa, na yeye ndiye aliyenibeba. Ameolewa Mpitimbi, analima mahindi na alizeti, ana mikono migumu na moyo mwepesi, na hajawahi kuja mjini mikono mitupu. Yule nyoka, dada alimwogopa kuliko kifo. Akija kwangu alilala sebuleni, mlango wa chumba cha nyuma akiuegemezea kiti, na juu ya kiti anaweka rozari.

Zawadi yake ya baada ya mavuno ni mbeva. Hao ni panya wa shambani, na mimi ni Mngoni, sioni haya kusema kwamba nawapenda. Wanachimbwa kwenye mashimo yao mahindi yakishavunwa, wakiwa wamenona, wanachomwa manyoya, wanapasuliwa, wanatiwa chumvi na kubanwa kwenye vijiti juu ya moto mpaka wakauke. Wafanyakazi wanaohamia hapa kutoka mikoa mingine hutucheka, na wengine wakishaonja huja kuulizia kimyakimya wanapatikana wapi. Mume wangu Msukuma alicheka miaka miwili. Mwaka wa tatu alikuwa akigombania mapaja na mimi.

Mwaka ule dada alikuja Ijumaa, siku moja kabla ya siku ya wazazi shuleni kwa binti yangu. Nilikuwa nimemwomba anilindie nyumba.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Mbona umekonda? Au unampa yule mdudu chakula chote?"

Akafungua kikapu. Vijiti vya mbeva, vimekauka vizuri, rangi ya kahawia ya kupendeza. Tulikula na ugali jioni ile, tukachuruzika mafuta vidoleni, akanisimulia habari za kijijini. Mwaka huo panya walikuwa wengi kupita kiasi, wanakula mbegu ardhini kabla hazijaota, wanatafuna magunia, wanapita juu ya watu usingizini. Nilimwambia hayo ndiyo shemeji yake aliyokuwa akiwaambia wakulima kila siku, nao wakamaliza nyoka wote. Akacheka, akasema shemeji alikuwa mtu mwema lakini alikuwa na mambo yake. Mimi pia nilicheka.

Asubuhi niliondoka na basi la kwanza kwenda kumwona mwanangu. Niliporudi, jua lilikuwa linazama, na dada yangu alikuwa amekaa kizingitini akinisubiri, uso umemng'aa. Sikuwa nimepata kumwona hivyo tangu siku ya harusi yangu.

"Nimemlisha mgeni wako," akasema.

"Wewe?"

"Mimi mwenyewe. Kwa mkono wangu huu. Nilisali, nikafungua kile kimlango, nikashika lile koleo lako, nikampa. Kamchukua taratibu, wala hakuniangalia vibaya. Wote kawala."

Nilimkumbatia. Nilimkumbatia pale kizingitini mbele ya majirani, na machozi yakanitoka. Miaka yote ile nilikuwa peke yangu na yule nyoka. Kanisani walinisogelea kwa tahadhari, wateja walipima nguo wakiwa wamesimama mlangoni, na ukoo wangu ulizungumza habari zangu kwa kunong'ona. Sasa dada yangu, mwenye rozari yake juu ya kiti, alikuwa ameshika koleo kwa ajili yangu. Sikumuuliza amempa panya gani. Kulikuwa na panya gani wengine zaidi ya wangu? Alfajiri nikamsindikiza kituoni, tukaagana kwa furaha.

Nilipotoka kanisani Jumapili ile nikakuta nyumba inanuka kitunguu saumu. Nilisimama jikoni nikashangaa, maana sikuwa nimepika chochote chenye kitunguu saumu. Nikafuata harufu mpaka chumba cha nyuma. Mgeni alikuwa amejinyoosha, tumbo juu, nyoka halali hivyo, na mdomo wake ulikuwa wazi unahema. Mbele yake kulikuwa na panya aliowatapika, wamelowa, na harufu ilitoka kwao. Niliwaangalia muda mrefu kwa sababu kichwa changu kilikataa kuelewa. Panya wangu ni weupe. Hawa walikuwa wa kahawia.

Nilimpigia daktari wa mifugo. Alikuja, sitamkosea adabu, alikuja siku ya Jumapili, lakini alisimama mlangoni na hakuvuka. Alinusa mara mbili. Akasema hiyo ni sumu ya panya, ile inayochanganywa na mahindi na kumwagwa mashambani, na kwamba hata ng'ombe angepata shida. Akanipa pole. Nikampigia dada simu huku nimepiga magoti karibu na kile kioo.

Hakuficha kitu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Aliniambia yote kwa sauti ileile ya kusimulia habari. Kijijini kwao waligawiwa sumu kwa sababu ya wingi wa panya, na kila shamba likamwagiwa. Mashamba mawili ya kandokando ya mto yakaachwa bila sumu, makusudi, kwa makubaliano ya kijiji, ili watu wapate mbeva wa kula. Huko ndiko alikochimba wale tuliokula. Wale wengine aliwaokota asubuhi kwenye shamba lenye sumu, wamelala tu juu ya matuta, akaona ni hasara kuwafukia wakati mdogo wake anahangaika kufuga panya kwa ajili ya nyoka. Akawafunga kwenye nailoni peke yao, chini kabisa ya kikapu, wasigusane na wetu.

"Dada, walikuwa na sumu!"

"Najua walikuwa na sumu. Si ndiyo maana hatukuwala sisi?"

"Sasa ukampaje mgeni?"

Aliponijibu, alikuwa anashangaa kweli.

"Mdogo wangu, yule si nyoka? Nyoka ndiye sumu mwenyewe. Sumu itamfanya nini sumu? Halafu wewe si huwa unampa waliokufa? Nimekuona kwa macho yangu, humpi mzima hata siku moja. Nikajua ndicho chakula chake."

Chatu hana sumu hata tone. Anabana, basi. Miaka yote ile nyoka alikuwa nyumbani kwangu, na kibali ukutani, na dada yangu akija na kuondoka, hakuna aliyewahi kuniuliza hilo, na mimi sikuwahi kufikiri kwamba ni jambo la kuelezwa. Nilikaa na mgeni mchana kutwa. Nilimmwagia maji, nikamgeuza, akajigeuza tena. Kabla ya giza kuingia alikuwa amekwisha kufa, na jioni ileile simu ya matroni ikaita, nikaiacha iite mpaka ikakata.

Dada alikuja siku mbili baadaye kunipa pole. Alikuja na mume wake na jirani mmoja, kama watu wanavyokwenda msibani, lakini nilimwona jirani akijiuma midomo asicheke. Pole ya nyoka, nani aliwahi kuisikia? Dada alinishika mkono akasema, "Mungu atakupa kingine, hata paka." Hapo hasira ikanipanda. Nilimwambia amemuua mgeni wangu. Nilimwambia amemuua mume wangu mara ya pili. Nilimwambia atoke kwangu na asirudi, na alipochelewa kusimama nikakitupa kikapu chake barabarani, mbele ya duka, watu wote wa Majengo wakiona. Dada yangu alikwenda kukiokota mwenyewe. Aliinama taratibu kwa sababu ana mgongo.

Basi nikawa mimi mwenye kosa. Ilichukua muda mfupi tu, na sikuona hata mtu mmoja aliyesita. Baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo tangu baba alipofariki, aliniita. Akaniketisha, akanitaka nimjibu swali moja.

"Nyoka na dada yako, nani alikubeba mgongoni?"

"Dada."

"Aliwahi kukunyima kitu?"

"Hakuwahi."

"Basi. Utakwenda Mpitimbi kuomba radhi."

Nilijaribu kueleza. Nilieleza habari za sumu, za mashamba mawili yaliyoachwa, za nailoni chini ya kikapu. Alinisikiliza mpaka mwisho, mzee yule ni msikivu, kisha akasema hayo yote ni kweli, na dada alikosea kwa kutokujua, na asiyejua hana kosa. Lakini mimi nilijua ninachokifanya nilipotupa kikapu. Mwenyekiti wa jumuiya naye akaja kusema hayohayo kwa maneno ya Injili. Walikuwa na hoja, sikatai. Nilitaka tu mmoja wao aseme kwanza kwamba nimefiwa.

Binti yangu alirudi likizo. Jumapili tatu sikupokea simu yake, nikamtumia matroni ujumbe kwa simu ya jirani kwamba yangu ni mbovu, na nilimweleza palepale kituoni, mabegi yakiwa bado chini, maana niliogopa afike nyumbani akimbilie chumba cha nyuma. Alinisikiliza akiniangalia kifuani. Aliuliza swali moja.

"Nyinyi mlikula wazuri?"

"Tulikula wazuri," nikasema. "Sikujua kama kuna wabaya."

Hakuuliza tena. Alipofika nyumbani alilitoa bakuli la maji la mgeni, akalisugua kwa mchanga na sabuni, akaligeuza juani nyuma ya jiko, karibu na banda la panya. Likizo nzima nilihesabu maneno yake kwenye vidole, na vidole vikabaki. Panya weupe, wao, waliendelea kuzaa. Niliwalisha, ningefanyaje, na nikasikia kwamba huko mtaani watu wanauliza kama panya wa kizungu nao wanaliwa.

Siku ya kuomba radhi tulikwenda Mpitimbi, mimi na binti yangu. Nilibeba jogoo na doti ya kitenge, kama nilivyoelekezwa. Ukoo ulikuwa umejaa uani, baba mdogo kwenye kiti, dada yangu kwenye mkeka amejifunika khanga kichwani, hataki kunitazama. Nilipiga magoti. Nikasema, "Dada, nisamehe, nilikukosea mbele ya watu, na mbele ya watu nakuomba radhi." Maneno hayo niliyafanyia mazoezi ndani ya gari, na yalitoka bila kukwama. Dada akalia. Akaninyanyua, akanipapasa uso kwa ile mikono yake migumu, akasema yameisha, mdogo wangu, yameisha kabisa. Wanawake wakapiga vigelegele. Nilihisi kupendwa, na nilihisi kuonewa, vyote kwa pamoja, na sikuweza kuvitenganisha.

Kisha chakula kikaletwa. Ugali, mboga za majani, na sinia la mbeva, wamechomwa siku ileile, mafuta bado yanachemka juu ya ngozi. Dada alichagua mnono kuliko wote akaniwekea mbele yangu. Nikamtazama yule panya. Sikupanga kusema kitu. Kilitoka chenyewe.

"Dada, hawa ni wa shamba lipi?"

Dada yangu akacheka, kicheko cha kweli, cha mtu aliyefurahi kwamba mdogo wake amerudi, na wengine wakacheka naye, na baba mdogo akatingisha mabega.

"Kula bwana," dada akasema. "Hawa ni wa watu."

Binti yangu alisukuma sahani yake mbele, akasimama, akatoka nje ya uzio. Hakuna aliyemwita, maana ni mtoto na ana huzuni zake. Wote walikuwa wananitazama mimi. Nikamshika yule panya, nikavunja, nikala. Alikuwa mtamu, amekolea chumvi, na hilo ndilo sijalisamehe mpaka leo.